Fomu Ipitayo kwa Maneno Peke Yake

Juma hili tuzungumze habari ya fomu. Najua wengine watasema, "Karani huyu hana jingine, kila siku makaratasi." Lakini fomu ya siku hizi si karatasi tena. Mtoto akitaka kwenda chuo, fomu iko kwenye mtandao. Akitaka mkopo wa kusomea, fomu iko kwenye mtandao. Mzazi akitaka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kihakikiwe, ni mtandao. Kijana akiomba kazi ya Serikali, ni mtandao vilevile. Fomu imekuwa mlango, na ikikwama fomu, mtu naye amekwama nje.

Nayo hukwama mara nyingi kwetu. Mtu wa Lituhi au wa Mbaha hushika simu yake, hupanda penye mwinuko ambapo mtandao wapatikana, hujaza jina lake na la baba yake, kisha hubonyeza pa kutuma. Kimya. Hubonyeza tena. Kimya. Hapo watu husema, "Huyu hajui simu," au, "Mtandao unasumbua." Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingine kosa si la mtu wala si la mnara. Kosa limo katika fomu yenyewe, namna ilivyotengenezwa. Hilo ndilo nitakalo kueleza leo, tena si lazima mtu awe fundi wa kompyuta ili alielewe.

Fomu ni nini?

Fomu ni maswali pamoja na nafasi za majibu, basi. Tazameni daftari la ubatizo la parokia yoyote. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake: cha waliobatizwa, cha ndoa, cha wafu. Katika kitabu cha ubatizo, juu ya kila safu pameandikwa jina la safu: jina la mtoto, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, wazazi, msimamizi, padre aliyebatiza. Chini yake ni nafasi tupu za kujaza. Hakuna picha, hakuna rangi. Walakini kitabu cha namna hii chasomeka hata wino ukiwa umefifia, kwa sababu kila nafasi ina jina lake na kila jibu limeandikwa kwa maneno.

Na faida yake mwaijua. Mtu asiyeandikishwa utotoni akienda kuomba cheti cha kuzaliwa kwa Wakala wa RITA, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya hati zinazopokewa kuwa ushahidi wake. Mstari mmoja wa maneno, ulioandikwa na katekista au padre miaka arobaini iliyopita, wamsaidia mtu leo. Picha nzuri isingalimsaidia zaidi.

Fomu ya mtandao nayo haitaki zaidi ya vitu vinne. Cha kwanza ni jina la kila nafasi. Cha pili ni nafasi yenyewe. Cha tatu ni kitufe cha kutuma. Cha nne hakionekani kwa macho, nacho ni anwani ya mahali majibu yanakopelekwa, mfano wa anwani iliyoandikwa juu ya bahasha. Vitu hivi vyote vinne huandikwa kwa maneno katika HTML, ndiyo lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, na vimo katika kanuni za lugha hiyo tangu mwaka 1995. Yaliyosalia ni mapambo. Mapambo si dhambi. Lakini fomu isiyoweza kusimama bila mapambo yake ina kasoro.

Mtandao ulianza kwa maneno

Programu inayofungua kurasa za mtandao huitwa kivinjari. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha sayansi cha CERN huko Uswisi, alipoanzisha mtandao huu, alisaidiwa na mwanafunzi mmoja, Nicola Pellow. Huyo mwanafunzi alitengeneza kivinjari kilichoonyesha maneno tu, mstari kwa mstari, kikatolewa mwaka 1991. Sababu yake ilikuwa njema: kompyuta za watu hazikuwa za namna moja, na maneno yalikuwa kitu pekee kilichoweza kuonekana katika kompyuta zote.

Mwaka 1992 kikatokea kivinjari kingine cha maneno, jina lake Lynx, katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Hicho chatumika hata leo. Hakionyeshi picha wala video. Tena hakifuati JavaScript. JavaScript ni lugha ya kuandikia amri ndani ya ukurasa ili ukurasa ufanye mambo yake mwenyewe: orodha zifunguke, kalenda itokee, maandishi yabadilike mtu anapogusa.

Ukifungua fomu katika Lynx utaona mistari ya vistari vya chini, kama ile ya fomu za karatasi katika ofisi ya kata. Mahali pa kuweka alama huonekana kama mabano ya mraba yasiyo na kitu ndani, na ukichagua, herufi X huingia humo. Mtu hushuka nafasi kwa nafasi kwa kubonyeza mshale, huandika, hufika penye kitufe cha kutuma, hubonyeza. Kazi imekwisha.

Mtauliza, "Kwa nini karani atueleza kivinjari ambacho sisi hatutakitumia?" Kwa sababu hicho ni kipimo. Sokoni mtu hapimi kahawa kwa macho, hupima kwa mizani. Fomu nayo yataka mizani yake. Ikijazika na kutumika kwa maneno peke yake, basi ni karibu hakika kwamba itapita katika simu mpya na simu kuukuu, kwa mtandao mwingi na mtandao mchache. Isipopita kwa maneno, kuna watu itakaowaacha nje, nao ni watu wa kwetu.

Binti wa ziwani

Nitoe mfano. Msimu mmoja wa maombi ya vyuo alifika ofisini petu binti mmoja kutoka kijiji cha ziwani, pamoja na mama yake. Jina la chuo alichokiomba silitaji, maana haja yangu si kumshitaki mtu. Siku tatu binti huyo alikuwa amejaribu kujaza fomu kwa simu ya zamani ya kaka yake. Aliandika jina, akaandika matokeo yake ya kidato cha nne, yote sawasawa. Penye mkoa akachagua Ruvuma. Chini yake palikuwa na orodha ya wilaya, nayo ilikuwa tupu. Akaiacha, akaenda mbele. Siku ya kuzaliwa haikuandikika, ilitaka kuchaguliwa katika kalenda, na kalenda haikufunguka. Mwisho akabonyeza pa kutuma, ukurasa usitikisike.

Siku hiyo alikuwapo mpwa wangu asomaye kompyuta, yu likizoni. Akaifungua fomu ileile kwa Lynx katika kompyuta ya ofisi, tukatazama sote. Orodha ya wilaya haikuwamo kabisa, ilikuwa ikingoja JavaScript iilete. Nafasi ya tarehe ilikuwapo, lakini imefungwa isikubali kuandikwa kwa mkono. Na kitufe cha kutuma? Hakikuwapo. Kile alichokuwa akikibonyeza binti usiku na mchana kilikuwa picha tu yenye neno la kutuma juu yake. Tena fomu haikuwa na anwani ya kwenda, anwani nayo ilikuwa imefichwa ndani ya amri za JavaScript.

Mama akauliza, "Kwa hiyo mwanangu hakukosea?"

Mpwa wangu akamjibu, "La, mama. Hakukosea hata nafasi moja."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba siku zote tatu walikuwa wakimgombeza nyumbani.

Kesho yake waliazima simu mpya kwa jamaa yao mjini Mbinga. Walikuta muda wa maombi umefungwa usiku uliopita. Fedha za usipa walizolipia nauli zilikwisha, na binti akangoja mwaka mzima. Angalieni basi, hakunyimwa nafasi kwa sababu ya alama zake, wala kwa uvivu. Alinyimwa na picha iliyowekwa mahali pa kitufe.

Ni nani waachwao nje?

Wa kwanza ni wenye simu za zamani. Simu nyingi za namna hiyo hutumia kivinjari kama Opera Mini. Katika hali yake ya kuokoa bando, ukurasa hupita kwanza katika seva za mbali, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia mtandao, ukakamuliwa huko, kisha ukaletwa simuni ukiwa mwepesi. Ni msaada mkubwa kwa maskini. Lakini amri nyingi za JavaScript hazifiki salama kwa njia hiyo, au zafika zikiwa hazifanyi kazi yake.

Wa pili ni wenye mtandao hafifu, hata kama simu zao ni mpya. Ukurasa wa fomu hauji kama furushi moja. Huja vipande vipande: maneno kwanza, kisha picha, kisha mafaili ya JavaScript. Milimani kwetu na bondeni kando ya ziwa, kipande kimoja chaweza kupotea njiani. Ikiwa kilichopotea ni picha, si neno, fomu bado yajazika. Ikiwa ni faili la JavaScript lililobeba kitufe, fomu imekufa.

Msidhani hii ni shida ya Afrika peke yake. Mwaka 2013 wataalamu wa Serikali ya Uingereza walihesabu wageni wa kurasa zao ambao hawakupata JavaScript. Waliona kwamba ni asilimia 1.1, ndio kama mtu 1 katika kila watu 93. Na la ajabu ni hili: waliokuwa wameizima wenyewe, au wenye vivinjari visivyoijua, walikuwa asilimia 0.2 tu. Asilimia 0.9 walikuwa na vivinjari vizuri kabisa, ila JavaScript haikufika au haikufanya kazi. Ikiwa ni hivyo Uingereza, sembuse Lituhi?

Wa tatu ni ndugu zetu wasioona. Simu na kompyuta zina programu za kuwasomea kwa sauti yaliyomo katika ukurasa. Moja yao, iitwayo NVDA, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, yeye mwenyewe ni kipofu, nayo hutolewa bure. Programu hizi husoma maneno. Nafasi isiyo na jina, zitaisomaje? Zitasema tu, "Andika hapa," bila kusema kitakiwacho ni nini. Picha isiyoelezwa kwa maneno, kwao ni ukuta. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo wataja wazi habari na mawasiliano, mtandao ukiwamo. Basi fomu iliyo ya maneno si hisani kwa asiyeona. Ni haki yake.

Njia tuliyo nayo tayari

Wengine watasema, "Fomu ya maneno peke yake haiwezekani." Yawezekana, nanyi mwaitumia kila siku. Vodacom walipoleta M-Pesa hapa Tanzania mwaka 2008, hawakutaka simu yenye picha. Menyu hutokea kwa maneno: chagua 1, chagua 2, andika namba, andika kiasi, andika namba ya siri. Bibi mwenye kitochi hupokea fedha kutoka kwa mjukuu aliye Dar es Salaam. Kila hatua ile ni nafasi ya fomu, yenye jina lake, na kila "thibitisha" ni kitufe cha kutuma. Ujumbe mmoja wa menyu za namna hii hauzidi herufi 182, lakini watosha.

Serikali nayo ina menyu yake kwa namba *152*00#. Haitaki bando wala simu janja, na kwa njia hiyo mtu aweza hata kuuliza namba yake ya NIDA.

Na mfano mzuri kuliko yote ni wa RITA. Mwaka 2013 ulianzishwa mkoani Mbeya mpango wa kuandikisha watoto wa chini ya miaka mitano karibu na nyumbani, ukaenea baadaye katika mikoa mingine. Mwandikishaji katika zahanati au ofisi ya kata hujaza fomu, humpa mzazi cheti kilichoandikwa kwa mkono, kisha hutuma habari za mtoto kwa simu ya mkononi hadi kwenye daftari kuu. Jina, siku, mahali, wazazi. Ni maneno na tarakimu, kama daftari letu la ubatizo. Mama harudi wilayani mara tatu.

Basi haiwezekani kusema kwamba hatujui kutengeneza fomu ya maneno. Twajua. Linalotakiwa ni kurasa za mtandao nazo zifuate akili hiyohiyo.

Kwa vijana wetu wanaosoma kompyuta

Hapa nasema na watoto wenu walioko vyuoni. Wazazi, mkipenda wasomeeni kwa simu.

Mwanangu, umekulia katika mashamba ya ngoro. Wajua Mmatengo alimavyo mlimani. Kwanza hufyeka majani. Kisha huyalaza mistari mistari, ikatane iwe miraba. Ndipo huchimba udongo wa katikati na kuufunika juu ya majani. Mvua ijapo, maji hukaa katika mashimo, udongo hauteremki. Anayechimba kabla ya kulaza majani atapoteza shamba kwa mvua ya kwanza. Fomu nayo ni hivyo. Laza maneno kwanza: majina, nafasi, kitufe, anwani. Ijaribu mpaka ijazike na kutumwa. Baada ya hapo weka rangi, weka kalenda, weka JavaScript upendavyo, maana hata vikichukuliwa na mvua, shamba litabaki.

Mambo yenyewe ni haya:

Kwanza, kila nafasi iwe na jina lake lililoandikwa kwa maneno kabla ya nafasi, tena lifungwe na nafasi hiyo kwa kanuni za HTML. Usitegemee yale maneno ya kijivu ndani ya nafasi, ambayo hupotea mtu anapoanza kuandika.

Pili, kitufe cha kutuma kiwe kitufe hasa cha fomu, si picha. Na fomu iwe na anwani yake iliyoandikwa wazi.

Tatu, orodha zinazotegemeana zigawe katika kurasa. Ukurasa mmoja uulize mkoa, kisha kitufe cha kuendelea. Seva ilete ukurasa wa pili wenye wilaya za mkoa ule. Kurasa ndogo mbili hufika mahali ambapo ukurasa mkubwa mmoja haufiki.

Nne, tarehe iandikwe kwa tarakimu: siku, mwezi, mwaka, na mfano uonyeshwe kando. Mzee aliyezaliwa mwaka 1958 asilazimishwe kurudisha kalenda mwezi kwa mwezi.

Tano, kosa lielezwe kwa maneno. Kugeuza nafasi kuwa nyekundu hakumsaidii asiyeona wala mwenye kivinjari cha maneno. Sema: "Namba ya simu imepungua tarakimu moja." Tena usimfutie mtu majibu mengine aliyokwisha kuyaandika. Chuoni tulikosomea ualimu tulifundishwa kwamba darasa zima likishindwa swali moja, mwalimu alitazame kwanza swali lake.

Sita, ukaguzi wa majibu ufanywe na seva. JavaScript yaweza kuonya mapema, lakini mlinzi wa mlango ni seva. Anayesema kwamba fomu ya maneno si salama amechanganya mambo, kwa kuwa mwizi naye aweza kuizima JavaScript na kutuma apendavyo.

Saba, usimtake mtu asome herufi zilizopindapinda katika picha ili athibitishe kwamba ni mtu. Ikiwa lazima kuthibitisha, mpelekee tarakimu kwa ujumbe wa simu.

Nane, fomu ikipokewa, ukurasa useme kwa maneno, "Maombi yamepokewa," na umpe namba ya kumbukumbu. Na mtu akibonyeza mara mbili kwa sababu mtandao ni mzito, yasihesabiwe maombi mawili.

Haya si mageni. Shirika la W3C, linalotunga kanuni za mtandao, lilitoa miongozo mwaka 1999 ikisema kwamba ukurasa utumike hata amri za ndani zikizimwa. Miongozo yake ya mwaka 2008 yataka nafasi ziwe na majina na makosa yaelezwe kwa maandishi. Fundi akikuambia kwamba hakuna kanuni, mwambie zipo.

Yasiyowezekana kwa maneno

Yafaa kusema kweli yote. Kuna jambo moja ambalo maneno hayaliwezi, nalo ni picha ya cheti, au ukurasa uliotiwa sahihi na mhuri wa mtendaji. Hivyo ni lazima viambatishwe, na ni vizito. Lakini hata hapo pana hekima. Fomu ya maneno ipokewe kwanza, mtu apewe namba yake, kisha viambatisho vije baadaye kwa muda uliowekwa. Kiambatisho kimoja kikikwama, kisiangushe majibu yote. Na ofisi ikiwa yaweza kuhakiki cheti kwa namba yake, iulize namba, ambayo ni tarakimu chache, kuliko kuitisha picha nzito.

Sisi tufanye nini?

Mafundi wakijifunza, sisi wazazi tusikae tu. Kabla ya kufungua fomu, mtoto aandike majibu yote kwenye karatasi: namba ya mtihani, namba ya cheti, tarehe, majina kama yalivyo kwenye hati. Bando lisiishe akitafuta namba kabatini. Aanze siku ya kwanza ya maombi, asingoje ya mwisho. Sehemu moja ikikataa kufunguka, ajaribu kivinjari kingine kabla ya kupanda gari.

Akienda kujaziwa kwenye steshenari, atumie namba yake ya simu mwenyewe, na neno la siri aliweke yeye, aliandike mahali pake. Wako waliofungiwa nje ya maombi yao wenyewe kwa kuwa neno la siri lilibaki na mtu wa dukani.

Na fomu ikikwama, tuiambie ofisi inayohusika. Lakini kusema tu "Fomu yenu mbaya" hakusaidii. Andikeni hivi: "Nilijaza fomu fulani tarehe fulani, kwa simu ya aina fulani. Nafasi ya wilaya haikuonyesha kitu. Kitufe cha kutuma hakikufanya kazi." Ujumbe wa namna hiyo fundi aweza kuufanyia kazi siku ileile. Asipoambiwa atajuaje? Yeye yuko mjini, simu yake mpya, mnara u karibu naye, na kwake kila kitu chafunguka.

La mwisho ni la nyumbani. Mtoto akisema, "Nimebonyeza, haiendi," msikimbilie kumgombeza kwamba hajui. Ketini naye, mtazame nafasi moja moja, muone ni ipi iliyokataa, muiandike kwenye karatasi. Nanyi vijana mtakaotengeneza fomu za ofisi hizi kesho, kabla ya kuikabidhi kazi yenu, ifungueni mara moja katika Lynx. Ni programu ya bure. Jazeni kama mtu mwingine, tokea jina mpaka kitufe, mtume. Mkipata namba ya kumbukumbu, ikabidhini. Msipoipata, kazi bado.